Wamerundikana kwenye B

Projekta yetu ya kwanza ilifika shuleni mwaka 2019 juu ya bodaboda, ndani ya boksi lililofungwa kamba ya katani, mwalimu wa taaluma akiwa ameikumbatia kama mtoto anayetoka kliniki. Wanafunzi waliokuwa wanafagia waliacha mifagio wakaja kuitazama. Mimi nilikuwa wa kwanza kujiandikisha kuitumia, na mpaka leo naona haya kidogo nikikumbuka nilivyojivuna wiki ile.

Nafundisha Fizikia katika shule ya kata wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walikuja kwa wingi, jambo jema, ila vyumba vilibaki vilevile. Kidato cha Pili mkondo A walikuwa 74. Kwenye darasa la namna hiyo mwalimu ana vitu vitatu: chaki, sauti na macho makali. Nikaona sasa nimepata cha nne.

Nilikesha siku tatu natengeneza slaidi za mada ya umeme. Rangi, mishale inayotembea, betri iliyochorwa ikapendeza kuliko betri yenyewe. Siku ya kipindi tulifunga khanga madirishani kupunguza mwanga, nikawasha. Darasa likanyamaza, kimya ambacho sikuwahi kukipata Kidato cha Pili tangu niajiriwe. Mkuu wa shule alichungulia mlangoni, akatabasamu, akaenda zake. Nikasema moyoni, hapa sasa ndiyo kufundisha.

Jaribio la mwisho wa mwezi likanishusha. Mkondo A, waliosoma kwa projekta, walifanya vibaya kuliko mkondo B, niliowafundisha kwa chaki kwa sababu tu chumba chao hakikuwa na soketi. Nilirudia kujumlisha alama nikidhani nimekosea. Nikamwita monita nimuulize kulikoni. Alisita, akaangalia chini, kisha akasema, "Madamu, zile picha zilikuwa zinakimbia. Sisi tukifika katikati ya kuandika, wewe umeshabadilisha."

Kumbe kimya kile kilikuwa cha watu wanaokimbizana na maandishi.

Nilikuja kuelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia chuoni. Chaki ina kasi ya mkono, na mkono wa mwalimu ubaoni unakwenda sawasawa na mkono wa mtoto kwenye daftari. Nikichora betri, naye anachora betri. Nikisimama kufikiri, naye anapata nafasi ya kufikiri, au walau ya kupumua. Slaidi inakuja ikiwa imeshakamilika. Mtoto haoni mchoro unavyozaliwa, anauona umezaliwa tayari, umevaa na nguo. Basi anafanya analoweza: ananakili. Na mimi, kwa kuwa kazi yangu niliimaliza usiku nyumbani, nikawa mbele ya darasa sina la kufanya zaidi ya kubonyeza kitufe na kuuliza, "Tuko pamoja?"

"Ndiyooo!"

Nitarudi kwenye hiyo "ndiyo".

Projekta sikuitupa. Niliiacha kwa ajili ya vitu ambavyo chaki haiwezi, kama vile kuonyesha moyo unavyopiga (hiyo ni ya mwenzangu wa Baiolojia) au mawimbi yanavyopishana. Ila ile hamu ya kuwasha mashine kila kipindi ilinitoka. Kuna siku pia LUKU ilikata katikati ya somo, hela ya kununua uniti ikawa haijatoka, na nikabaki nimeshika rimoti kama mtu aliyeshika usukani wa gari lisilo na injini.

Halafu ikaja korona. Tarehe 17 Machi 2020 shule zikafungwa. Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni, sisi wengine tarehe 29. Katikati hapo kila mtu alikuwa anasema "masomo kwa mtandao", nami nikafungua kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu. Waliopatikana hawakufika nusu. Mama mmoja anayeuza vitumbua stendi alinijibu kwa ujumbe wa sauti ambao nimeutunza: "Mwalimu, simu ni yangu mimi, na mimi narudi saa tatu usiku. Mtoto keshalala. Nikimwamsha nimwambie soma, atakusoma wewe au atausoma usingizi?" Nikaacha kutuma. Nikawa natoa kopi za maswali steshenari na kuziacha kwenye duka lililo njia panda, mtoto akitumwa chumvi anarudi na Fizikia. Kuhusu miezi ile sina zaidi la kusema. Tulifanya tulivyoweza na wengi hawakupata kitu.

Kilichonibadilisha kilikuja mwaka 2022, na kilikuwa karatasi.

Wakati huo tulikuwa tumepata vyumba vipya, vile ambavyo mtaani vinaitwa madarasa ya UVIKO. Mkondo A walikuwa 58. Mwalimu mwenzangu aliyehamia kutoka Dodoma alinionyesha programu inayoitwa Plickers. Unapakua kadi, unazichapa mwenyewe. Seti kubwa ina kadi 63. Kila kadi ina mchoro mweusi wa miraba, umbo lake tofauti na la mwenzake, na pembeni mwa kila upande kuna herufi ndogo: A, B, C, D. Mwalimu anauliza swali lenye machaguo manne. Mwanafunzi anainua kadi yake huku herufi ya jibu analolichagua ikiwa juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake darasani kama anayepiga picha ya harusi, na simu inasoma kadi zote: nani kasema A, nani kasema C. Simu inayohitajika ni moja tu, ya mwalimu. Kwetu hilo ndilo lililonivuta, maana mwanafunzi kukutwa na simu shuleni ni kesi.

La pili lililonivuta sikuliona mwanzoni. Kwa kuwa kila kadi ina mchoro wake, na herufi zimeandikwa kwa udogo, jirani hawezi kujua umejibu nini. Kadi yako ikilala hivi na yangu vile, huenda tumejibu sawa, huenda hapana. Hakuna wa kumwangalizia, na hakuna wa kukucheka.

Kadi za kwanza niliziharibu mwenyewe. Niliona karatasi zitachakaa, nikampa kijana wa steshenari azileminishe zote kwa plastiki inayong'aa. Zilipendeza kama vitambulisho vya benki. Siku ya kuzitumia, jua la saa nne likapiga dirishani, plastiki ikameremeta, kamera ikaona vioo vitupu. Nilizunguka darasa zima nikiwaambia "inamisha kidogo, hapana, inamisha huku", mpaka kengele ikalia sijasoma hata nusu. Nikachapa nyingine, nikazibandika kwenye maboksi ya sabuni yaliyokatwa. Hizo ndizo ninazotumia mpaka leo. Katika wiki hiyohiyo alikuja baba mmoja shuleni kuuliza kwa nini mwalimu wa Fizikia anawapiga watoto picha. Nilimpa kadi akainua, nikamwonyesha simu. Alijibu swali la densiti, akakosa, akacheka, akaondoka ameridhika.

Sasa ile "ndiyo".

Swali langu la kwanza la maana lilikuwa la umeme. Betri moja, glopu mbili za tochi zimeungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Ipi itawaka zaidi? A, ya kwanza kutoka upande chanya wa betri. B, ya pili. C, zote sawa. D, hakuna itakayowaka. Nilikuwa nimeshafundisha mada, nimeuliza "mmeelewa?", wakaitikia kwa sauti iliyosikika mpaka ofisi ya walimu. Niliuliza kwa Kiingereza, kama sekondari inavyotaka.

Majibu yalitawanyika. A 16, B 13, C 15, D 14. Ukichukua punje 58 za mahindi ukazirusha kwenye mabakuli manne macho yamefumbwa, utapata kitu kinachofanana na hicho.

Niliiangalia simu muda mrefu. Kila mtu akikosa kwa kuelekea upande mmoja, ujue kuna jambo wanaloliamini. Wakisambaa hivi, hawaamini chochote, wanabahatisha. Na mtu hubahatisha swali ambalo hakulielewa.

Kesho yake nikawauliza swali lilelile, mchoro uleule, kwa Kiswahili. Sikubadilisha kitu kingine chochote. Nilibadilisha tu mpangilio wa machaguo, "ya kwanza" nikaiweka kwenye B, wasije wakajibu kwa kumbukumbu. Kadi zikainuka. Watoto 43 walikuwa kwenye B. Glopu ya kwanza inawaka zaidi.

Wamekosa. Wamekosa kwa wingi usiopungua ule wa jana, ukihesabu. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza katika miaka ya kufundisha kujua wanafunzi wangu wanafikiri nini. Jana nilikuwa na darasa lisiloelewa swali na linaitikia ndiyo. Leo nilikuwa na watoto 43 wenye hoja moja, hoja mbovu, na hoja mbovu unaweza kupambana nayo.

Nikawaambia wageukiane, kila mmoja amweleze jirani kwa nini. Nikapita kati ya meza nikitega sikio. Nilichokisikia kilinifundisha zaidi ya kozi zote za mafunzo kazini nilizohudhuria. "Ya kwanza inakula umeme, inayobaki ndiyo inakwenda kwa ya pili." "Si kama LUKU? Ukiwasha pasi, uniti zinapungua. Umeme unaliwa." "Nyumbani tukiwasha friji ya shangazi, taa inafifia. Friji inakula mwingi."

Lugha yetu wenyewe ilikuwa inawaponza, na LUKU ikiwa shahidi. Kirefu chake chenyewe ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unanunua umeme, unaingiza tarakimu 20 kwenye mita, unautumia, unaisha, giza. Mtoto aliyekulia kwenye sentensi hizo, umwambie kwamba mkondo unaoingia kwenye glopu ndio huohuo unaotoka upande wa pili, haujapungua hata chembe? Atakuitikia ndiyo kwa heshima, ataandika kwenye daftari, ataujibu mtihani kwa kukariri, na atakwenda nyumbani akijua kwamba umeme unaliwa. Na neno "umeme" tunalitwisha mzigo mwingi: mkondo ni umeme, nishati ni umeme, waya ni umeme, hata radi ni umeme. (Kisha tunawagawa watoto katika "mikondo" na tunawafundisha "mkondo". Sijui aliyetafsiri alikuwa na njaa ya maneno kiasi gani.)

Nikaleta projekta, maana sasa ilikuwa na kazi. Kuna maiga ya bure, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, yanayoitwa PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka mmoja kabla. Unapakua, unatumia bila intaneti. Unajenga saketi kwa kuburuta betri, waya na glopu, na unaona chembe ndogo zikitembea ndani ya waya. Nikajenga saketi yetu. Chembe zikatembea kwa mwendo mmoja, kabla ya glopu na baada ya glopu. Glopu zote zikawaka sawa.

Nikageuka nikitarajia nyuso zilizofunguka. Kijana mmoja wa nyuma akasema, bila kejeli kabisa, "Madamu, hiyo ni kompyuta. Imepangwa."

Nilitaka kumjibu, nikakosa jibu. Ana haki. Ameona sinema watu wakipaa.

Basi nikatuma mtoto dukani na shilingi elfu tatu, akaleta betri mbili na glopu mbili za tochi. Nyaya tulikuwa nazo. Nikaunga mbele yao, juu ya meza, wamenizunguka mpaka nikakosa hewa. Glopu zikawaka. Na ya kwanza, jamani, ya kwanza ikawaka zaidi ya ya pili.

Darasa lililipuka. "Si unaona! Imekula!" Wengine walikuwa wanaruka. Monita, yule ambaye kwenye kila swali la mdomo mkono wake huwa juu, alikuwa anapeana mikono na watu kama aliyeshinda udiwani. Mimi jasho linanitoka. Nilijua sababu: glopu za dukani hazilingani, moja ina ukinzani mkubwa kuliko nyingine. Lakini ningesema hivyo wakati ule ningekuwa mwalimu anayejitetea, na wao walikuwa na ushahidi wa macho.

Hapo ndipo ilipotoka sauti ambayo sikuifahamu. Nilitazama huku na huku kutafuta mwenyewe. Alikuwa kadi namba 37.

Nimwite hivyo. Alikaa meza ya pembeni, karibu na dirisha lenye kioo kilichovunjika. Kwa miezi mitano sikuwa nimesikia neno lake hata moja. Kwenye kichwa changu alikuwa mmoja wa "wale wa kimya", na mwalimu mwenye watoto 58, tuseme ukweli, wa kimya huwa anawahesabu kwenye wasioelewa. Simu ndiyo iliyoanza kunisahihisha. Wiki ya pili ya kadi niligundua namba 37 karibu kila swali ni kijani, yaani kapata. Na monita wetu, mikono juu, alikuwa mwekundu kupindukia. Alikuwa hodari wa kusubiri nianze kutaja jibu kisha anaimalizia sentensi yangu, nami kwa miezi mitano nilimpigia makofi kwa maneno yangu mwenyewe.

Kadi namba 37 alisema, taratibu, "Tuzibadilishane."

"Unasemaje?"

"Glopu. Hii iende pale, ile ije hapa. Kama ya kwanza ndiyo inakula, sasa itawaka hiyo nyingine."

Nilimpisha. Alikuja mwenyewe, akafungua nyaya kwa vidole vilivyokuwa vinatetemeka kidogo, akabadilisha, akaunga. Glopu iliyokuwa inang'aa ikiwa ya kwanza iliendelea kung'aa ikiwa ya pili. Iliyofifia ikafifia vilevile, ingawa sasa ilikuwa ya kwanza kula.

Hakuna aliyeruka. Kilikuwa kimya tofauti kabisa na kile cha projekta. Ningeweza kukuchorea nyuso zao mpaka leo. Monita alisema, "Rudia." Akarudia. Akaomba abadilishe yeye. Akabadilisha. Walifanya mara sita au saba, hakuna aliyenitazama mimi, na mwenzangu wa Historia alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kipindi chake, wala hakutufukuza.

Katika kurudia huko betri zilianza kuchoka. Glopu zote zikapungua, zikawa nyekundu kama makaa ya mwisho wa jiko. Yule kijana wa "imepangwa" akauliza, "Madamu, sasa kama umeme hauliwi, hapa kilichoisha ni nini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelitafuta kwa miaka na sikuwahi kuulizwa. Sikulijibu siku ile. Niliwaacha nalo usiku mzima, na kesho yake ndipo tukaanza habari ya nishati: kwamba mkondo unazunguka wote kama mnyororo wa baiskeli, na kinachotoka kwenye betri na kuishia kwenye glopu kama mwanga na joto ni nishati, na kwamba hata LUKU haidanganyi, maana uniti moja ni kilowati-saa moja, kipimo cha nishati na si cha mkondo. Tulivyoinua kadi tena, C, yaani zote sawa, zilikuwa 49.

Baadaye nilisoma kwamba Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, alikumbana na jambo hilihili na wanafunzi wa chuo kikuu. Walikuwa wanakokotoa maswali magumu ya saketi, kisha wanakwama kwenye swali la glopu lisilo na hesabu hata moja. Kuanzia mwaka 1991 akawa anauliza, wanapiga kura, wanabishana na jirani, wanapiga kura tena. Nilifarijika sana. Si kwa sababu ya mbinu. Nilifarijika kwamba hata Harvard wanaitikia ndiyo.

Sisemi kwamba kadi zinafanya kila kitu. Zinakula muda, na muhtasari haukungoji; mwaka ule mada mbili nilizipitia mbiombio kabla ya upimaji wa Kidato cha Pili, na mwalimu wa taaluma aliniuliza, kwa haki, kama watoto watapimwa glopu peke yake. Maswali mengine hayafai kuwekewa machaguo. Na kuna suala la lugha, ambalo mimi siwezi kulitatua nikiwa nimeshika simu. Upimaji unakuja kwa Kiingereza. Niliamua kwamba kila swali nitaliuliza mara mbili: kwanza kwa Kiswahili, nijue wanafikiri nini, kisha kwa Kiingereza, wajue wataulizwaje. Kuna wakaguzi watakaonipongeza kwa hilo na watakaonikemea. Nimekutana na wote wawili katika muhula mmoja.

Siku hizi kuna jambo jipya. Kazi za nyumbani zinarudi na Kiingereza kilichonyooka ambacho mimi mwenyewe sikiandiki. Kaka yupo na simu janja, programu ya akili mnemba inajibu, mdogo mtu ananakili mpaka lile neno la kuhitimisha. Nilipopata madaftari kumi na moja yenye aya moja sikukasirika, nilichoka tu. Nikaacha kutoa maswali ya "eleza". Sasa natoa ya "nenda kaangalie": hesabu glopu za nyumbani kwenu, ni wati ngapi, ziliwaka saa ngapi, uniti ngapi. Wasio na umeme wanapima muda wa mshumaa. Mashine haijui nyumbani kwao kuna glopu ngapi. Wengine wanatunga, najua, ila kutunga hesabu zikakubaliana nako kuna Fizikia yake.

Julai 2024 treni ya umeme ilianza kupita Kilosa ikielekea Dodoma, na kwa mwezi mzima hakuna aliyesoma kitu saa ile inapopita. Jioni moja natoka shuleni nikamkuta kijana mmoja wa Kidato cha Nne ameegemea baiskeli karibu na njia. Nilimfundisha Kidato cha Pili. Alikuwa mwekundu kwenye simu yangu kwa namna ambayo nilishazoea. Aliacha Fizikia alipoingia Kidato cha Tatu, kama wafanyavyo wengi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Unangoja nini hapa?"

"Naangalia ule waya." Akaonyesha juu. "Ni mmoja. Nyumbani nyaya zinaingia mbili, hata pale kwenye meza tuliunga kwenda na kurudi. Hii treni inachukua umeme kule juu, sawa. Unarudi wapi?"

Nilimtazama, nikatazama reli. Yeye hakuwa anatazama reli.

"Kesho njoo darasa la Kidato cha Pili, kipindi cha tatu," nilimwambia. "Uje uwaulize wewe."

Usiku nilikaa mezani kuandika machaguo. Jibu sahihi ni rahisi, unaliandika kwa sekunde tano. Kazi ni yale mengine matatu. Kila moja liwe ni kosa ambalo mtoto mwenye akili timamu angelifanya kwa sababu anayoweza kuitetea. A, haurudi, unaishia kwenye injini. B, unarudi kwa waya uleule wa juu. C, reli. La D lilinishinda mpaka saa tano. Nikaliacha tupu, watalijaza wao.